Naisi na Jogoo wa Posa

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Novemba. Manyunyu ya vuli toka alfajiri, njia ya Msimbu utelezi mtupu.

Leo nimeiponza nyumba nzima, ingawa sina hakika kama kosa ni langu lote. Jioni mshenga alikuwa aje kumposa dada yangu, na jogoo wa kumkirimu alikuwa amefungwa mguu uani tangu jana. Mchana gari la bwana shamba, Mzungu, likakwama topeni, na mkewe akaja kujikinga mvua barazani kwetu. Kiswahili hana. Mimi nina darasa la nne, nikafanywa mkalimani.

Akautazama mkeka wa mama. "Naisi."

"Anasema mzuri sana, mama."

Kwetu mgeni akisifu kitu hupewa, kijicho kisibaki nyumbani. Mama akaukunja mkeka, akampa. Akasifu boga: naisi. Boga nalo likaenda. Haki isemwe, yule bibi hakuomba kitu, tena alikataa kwa mikono miwili. Mama akadhani ndiyo adabu ya kwao. Mara jogoo akawika.

"Naisi," akasema bibi.

Mama akanigeukia. "Kasemaje?"

Nilitaka kudanganya, nikaogopa dhambi. "Mzuri, mama."

"Mzuri tu, au mzuri sana?"

"Sijui. Neno ni lile lile."

Gari lilipokwamuliwa, jogoo naye akapanda. Kabla hawajaondoka, bibi akaangalia sketi yake ilivyojaa tope, akaguna: "Naisi." Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka tafsiri yangu.

Mshenga alifika baada ya alasiri. Ni mwalimu huko Kibaha, vitabu anavyo. Mama alimweleza kwa aibu kwa nini hakuna kuku. Mwalimu akacheka mpaka kofia ikamvuka. Akasema Waingereza hulitia neno hilo kwenye chai, kwenye mvua, hata kwa mtu wasiyemkumbuka. Na zamani, kwenye Kilatini lilikotoka, maana yake ilikuwa mtu asiyejua kitu.

"Kumbe tangu mchana lilikuwa linakutafuta wewe," mama akaniambia.

Nikamwuliza mwalimu kama posa imeharibika.

"Nimetumwa kuposa binti," akasema, "sikutumwa kuposa jogoo." Akatoa barua. Dada akasikika akicheka chumbani.

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Mwalimu alikisifu kisamvu mara mbili, mama akamfungia kilichobaki pamoja na chungu chake. Mimi nikamalizia ukoko.