Debe la Shangazi na Wakili wa Mheshimiwa

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya kampeni ya diwani wetu hapa Shelui. Walinichagua kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sijui kusema hapana. Ukisikia nimekasirika, ujue nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Wengi hawakuchanga pesa, walichanga alizeti. Tulipita nyumba kwa nyumba na magunia, kila mama akamimina alichonacho, halafu tukapeleka mashineni kukamua na kuuza mafuta. Shangazi yangu, mjane, alitoa debe zima. Nilijua ile ni mbegu aliyoweka kwa msimu unaofuata, nikamwambia apunguze. Akanijibu, "Acha, mwanangu. Huyu akipita atatukumbuka."

Akapita. Na kweli, alimkumbuka.

Baada ya uchaguzi zilibaki hela benki. Mheshimiwa akaniita, akaniwekea karatasi mezani. "Dada katibu, weka saini hapa. Ni gharama za kisheria." Nilidhani kuna mtu amepinga matokeo mahakamani, na kura zile zilikuwa zetu sote. Sikuuliza ni kesi gani. Mwenyekiti na mhazini walishasaini, nami nikasaini, tena kwa huo mwandiko wangu mzuri. Jina la wakili wa kulipwa lilikuwa pale pale juu. Nikalisoma, nikaenda zangu sokoni kununua dagaa.

Haukupita muda shangazi akaitwa baraza la ardhi la wilaya. Shamba lake liko kando ya barabara ya Nzega, karibu na yanapoegeshwa malori, na siku hizi kila mwenye hela analimezea mate. Mheshimiwa alidai aliuziwa na shemeji yake shangazi, ambaye naye ni marehemu, kwa hiyo wa kumuuliza hayupo. Ndilo shamba ilikotoka ile alizeti. Shangazi hana lingine.

Nilimsindikiza. Alisimama peke yake, kitenge amekikaza kiunoni. Upande wa pili akasimama wakili. Alipotaja jina lake nikalitambua: ndilo lililokuwa juu ya ile karatasi niliyosaini. Aliongea harakaharaka, vifungu juu ya vifungu, shangazi akabaki kumkodolea macho. Shauri likaahirishwa.

Nikamfuata mheshimiwa nje. "Zile zilikuwa hela za kampeni," nikamwambia.

Akacheka. "Dada, jina langu likichafuka si ndiyo kampeni imechafuka? Na wewe si ulisaini?"

Mtu mzima, hana haya hata chembe. Nimeshaandika barua kuwaita wote waliochanga. Nataka wakubaliane hadharani kwamba mchango wa kura ni wa kura, na mwenye kesi yake ailipie kwa mfuko wake. Mwenyekiti ananiambia niache kimbelembele. Siachi.

Siku ile tukiwa njiani kurudi nilimweleza shangazi kila kitu, pamoja na saini yangu. Tulipofika kwake akafungua mlango, akaweka kibegi chake cha karatasi za shamba juu ya kigoda. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayeulizia bei ya chumvi.

"Kwa hiyo na debe langu limo?"

"Limo, shangazi."

"Basi huyo wakili na mimi nimemlipa. Mbona hakunisemea hata neno moja?"