Herufi Mbili Kwenye Kitako cha Bunduki

Kazini walimwita Bi Chaki. Vidole vyake havikutakata tangu siku makumbusho yalipoletewa bunduki kuukuu thelathini na mbili kutoka ghala la jeshi lililofungwa. Kazi yake ilikuwa kuzitambua moja moja. Alipaka chaki juu ya chuma, akafuta kwa kiganja, na chapa zilizofifia zikajitokeza nyeupe: mwaka, namba, nyota. Kisha alipima upana wa tundu la mtutu. Mumewe alimtania kwamba ameolewa mara ya pili, na waume wenzake ni wa chuma.

Orodha iliyokuja nazo ilisema zote ni aina moja, milimita saba nukta saba. Thelathini na moja zilikubali. Moja ikagoma: saba nukta tisa. Akapima tena, jibu lile lile. Nembo yake ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa, na kwenye mbao za kitako palichorwa herufi mbili, K na N. Bi Chaki alipekua vitabu vya chapa siku tatu. Herufi za kiwanda? Hakuna. Za mkaguzi? Wapi!

Jumapili wakwe zake walikuja kula. Akachora zile herufi kwenye kipande cha karatasi, akamsogezea baba mkwe.

"Baba, wewe ulikuwa askari. Hii chapa ya nchi gani?"

Mzee akapaliwa na maji. Mama mkwe akavuta karatasi, akavaa miwani.

"Mbona hizi herufi zangu? Jina langu na la baba yangu!"

Mzee huyu kila mtu alijua habari zake: miezi minne alilinda daraja, adui hakuthubutu kusogea. Wajukuu walikuwa wakiisimulia hadithi ile kwa zamu.

"Sema, mume wangu."

"Bunduki yangu ilivunjika," mzee akaanza, akitazama sahani. "Nikapewa moja tuliyoteka. Sajini akaikwangua nembo tusichekwe. Sasa... risasi zetu hazikuiingia."

"Haziingii vipi?"

"Ni ya adui, mama watoto! Tundu lake na la zetu ni mbalimbali."

Bi Chaki akaruka kitini. "Saba nukta tisa! Nilisema mimi!"

"Kwa hiyo daraja ulililinda na nini?" mama mkwe akauliza.

"Na fimbo yenye mkanda," mzee akanong'ona. "Sikufyatua hata moja. Nilikaa pale nikichonga jina lako, niondoe woga."

Mama mkwe alicheka hadi kilemba kikamvuka. Mzee naye akacheka, mabega yakitikisika, kama mtu aliyetua gunia alilolibeba miaka hamsini. Mwanawe, mume wa Bi Chaki, alilazimika kwenda kunawa uso.

Jumatatu Bi Chaki aliwapeleka wote wawili makumbusho. Mama mkwe aliinama juu ya meza, akapitisha kidole kwenye zile herufi polepole, mara mbili.

"Na hiki kando yake? Kabichi?"

"Ua waridi."

"Hili waridi?"

"Nilichonga kwa msumari, mama watoto. Ungependa nini?"

Akamshika mkono mumewe, hakuuachia. Bi Chaki akachukua kadi mpya, akaandika kipenyo sahihi, kisha akawageukia.

"Haya, wazee wangu, kwenye kadi niandike jina la nani?"

Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akitaja jina lake.