Matairi ya Siku ya Kumpeleka Eveta

Nakumbuka asubuhi moja ya masika kule Busunzu, siku ya kumpeleka dada yangu Eveta kwa wakwe zake Heru Juu. Shangazi yangu Melania alilikataa gari langu mbele ya ukoo mzima. Mwanangu, nimesikia unataka kubadili matairi ya gari lako, na rafiki zako wanakushauri uweke makubwa ili gari lisimame juu lipendeze. Basi kaa hapa kidogo unisikilize. Hili jambo nalijua, na sitajifanya silijui vizuri.

Wakati ule lami ilikuwa haijafika huku. Malori yalichimba mifereji miwili kwenye tope na kuacha mgongo wa udongo katikati, gari dogo likiingia hapo linakwaruza tumbo. Mimi nilikuwa na Korola ya mgongo mrefu, nabeba abiria na maharage, na kwa udereva sikuwa na mpinzani. Hata leo sina, ni macho tu yaliyonisaliti. Matairi ya mbele yalikuwa yamebaki vipara, kwa hiyo siku moja kabla ya safari hiyo nikaenda Kibondo mjini, dukani kwa Mzee Hemedi, mtu wa Tanga aliyeoa huku akabaki.

Mzee Hemedi alifungua mlango wa dereva, akainama kusoma kile kibandiko kilichopo pembeni, akaenda ndani akarudi na matairi mawili ya saizi ileile. Mimi nikayaona madogo. Macho yangu yalikuwa kwenye pembe ya duka, kulikokuwa na matairi manne ya pikapu yenye meno ya kutisha.

"Mzee, nipe yale."

"Yale ya pikapu, kijana."

"Ringi si ni ileile, kumi na nne?"

"Ringi ni ileile. Kimo sicho."

Nikamwambia yeye anauza dukani, mimi ndiye ninayelala kwenye tope. Alicheka, akanifungia yote manne, na matairi yangu mawili ya nyuma yaliyokuwa bado mazima nikamwachia ayatunze. Nikarudi nyumbani peke yangu garini. Mwanangu, nilipita kwenye tope kama nimepanda trekta. Tumbo halikugusa kitu. Nilipiga honi kwa kila niliyemjua na kwa wengi nisiowajua.

Sasa, kwetu shangazi ndiye anayemkabidhi bibi harusi kwa wakwe, na kila kitu kinachomhusu bibi harusi siku hiyo lazima kipite mikononi mwake. Shangazi Melania alikuwa mfanyabiashara wa maharage, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alishakagua kitenge, akakagua sanduku, akanusa madumu ya pombe ya ndizi. Kisha akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Hili gari limekua tangu juzi?"

"Nimelivalisha viatu vipya, shangazi."

"Umevijaribu?"

"Toka Kibondo hadi hapa."

"Ukiwa na nani?"

"Peke yangu."

Akatikisa kichwa. "Kiatu unakijaribu umesimama, uzito wote uko chini. Pandeni!"

Wakapanda. Eveta, mama wadogo wawili, mizigo yote nyuma, na mahali pake mwenyewe shangazi akamkalisha jirani yetu mmoja mwenye mwili uliojaa. Gari likashuka. Akaniamuru nikate usukani hadi mwisho kushoto na nisogeze gari polepole. Likalia kwaruuu! Kulia, vilevile. Akaingiza kidole kati ya tairi na bodi, hakikupita.

"Ukikutana na lori kwenye kona, utakata nusu usukani?"

"Litajisugua lenyewe, likizoea litaacha."

"Litaacha likishapasuka." Akafungua mlango, akamshika Eveta mkono, akamshusha.

Hapo Eveta akaanza kulia. Wakwe walikuwa wanatusubiri kabla jua halijazama, na bibi harusi anayechelewa husemwa miaka na miaka, kwamba nyumba yao iliwadharau watu. "Shangazi, twende hivyohivyo," alisema. "Watanisema mimi, si wewe."

"Waseme umechelewa," shangazi akajibu. "Mimi nakwenda kukabidhi mtu, siendi kukabidhi habari."

Nilikasirika, tena sana, kwa sababu vijana wenzangu walikuwa wamesimama pale uani wanasikiliza. Lakini ningefanya nini? Tukarudi Kibondo wawili tu, mimi na yeye. Mzee Hemedi alituamkia, "Mwakeye, karibuni," kwa Kiha chake chenye lafudhi ya pwani, kisha akayavua yale ya pikapu. Mbele akafunga yale mawili mapya ya saizi yake, nyuma akarudisha yangu ya zamani.

Nikadhani tumemaliza. Shangazi akatoka nje, akawaita akina mama waliokuwa wanauza nyanya kando ya duka. Wakaja wakicheka, wakajazana garini na matenga yao. Nikakata usukani kushoto hadi mwisho, nikakata kulia hadi mwisho. Kimya. Alipoingiza mkono kwenye nafasi ile, ngumi nzima ilipita.

Tulitoka Busunzu jua limeshapita utosini. Sikudanganyi, tope lilikuwa palepale, na mara mbili abiria walishuka wakatembea ili tumbo lisikwame. Eveta alishika kitenge chake juu ya magoti, uso umenuna. Halafu, kwenye mteremko mmoja kabla ya Kasulu, natoka kwenye kona nikakuta lori limeteleza na kulala upande mmoja wa barabara. Breki isingetosha. Nilikata usukani hadi mwisho gari likiwa limejaa watu na mizigo, likageuka lote, likapita kati ya lori na mtaro, likanyooka.

Eveta alikuwa anafunga kilemba upya. Akauliza, "Tumekaribia?"

"Ego," shangazi akajibu, yaani ndiyo. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na haukutoka hapo mpaka Heru Juu. Wakwe walinuna kidogo, wakala, wakasahau.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda dukani anza na kile kibandiko cha mlangoni. Maandishi yake yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini namba ni namba. Ringi kufanana hakutoshi, lazima upana na kimo navyo vifanane, na namba ya uzito isipungue ile ambayo gari lilitengenezewa. Soma na tarakimu nne za ubavuni mwa tairi, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa, maana tairi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshachakaa. Ukiwa na uwezo wa kununua mawili tu, yawe ndugu na yakae mstari mmoja, yote mbele au yote nyuma. Atakayekwambia fundi atakata bati kidogo au ataweka spesa ya kusukuma tairi nje, mwache aweke kwenye gari lake. Na kabla hujatoka pale, jaza watu, kata usukani pande zote, ingiza mkono. Watu watakucheka. Waache wacheke, ndiyo kazi yao.

Eveta ana mabinti wakubwa sasa. Akiwasimulia harusi yake, safari anaimaliza kwa maneno machache tu, kwamba walichelewa kwa sababu ya tope na kwamba kaka yake alinuna. Lori halimo, kwa sababu hakuliona.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, na wote utakaowapakia washuke kwa miguu yao, wengine wakipiga miayo.