Reli Iliyolia Saa Ine

Siye tulikomaa mu kampi ya reli ya Kamina mbele ya Uhuru, tunajua kitu moja batoto ba leo habawezi kuelewa: saa yetu ilikuwa kipande ya chuma. Kipande ya reli ya zamani, inaninginia ku nguzo kwa waya, na muzee moja anaipiga na nyundo asubui bantu baende kazi, muchana bakule, magaribi barudie ku nyumba. Mama alijua saa ya kutia maji ya bukari, ule ugali wetu, ku moto kwa ile sauti tu. Nguo yote alianika ilipata madoa ya moshi ya gari ya reli, anaifua tena, anatukana dereva sawa vile iko anamusikia. Tulikulaka samaki ya kukausha ya Bukama, miba inatubamba ku koo, kiisha tunaenda kuruka kamba mupaka mavumbi inajaa mu pua. Batoto ba leo bakiona muiba moja mu sahani, banataka bapelekwe lopitali.

Lakini ile chuma ilikuwa na lugha ingine. Ikilia inje ya saa yake, tunajua mabehewa imebamba muntu. Kila mwanamuke anaacha kazi iko anafanya, anakimbia ku njia ya gari. Hauulize ni bwana ya nani. Unakimbia kwanza.

Baba yangu alikuwaka anafunga mabehewa, moja ku ingine. Siku ile reli ililia mbele ya saa ya kula. Mama alikimbia na sabuni ku mikono, minyi niko nyuma yake. Tulimukuta bamemufunika na gunia. Sitaandika zaidi.

Baba mudogo alituchukua mu nyumba yake, mulemule mu kampi. Nikarudia mu masomo, ku shule. Sasa, mu masomo nako kulikuwa reli ku nguzo, chuma ileile, sauti ileile. Walipoipiga ya mapumuziko, nilijikuta chini ya benchi, vidole mu masikio, kanzu imeloba. Kesho yake vile vile. Na kesho kutwa. Mbele ipigwe, sikusikia tena mwalimu iko anasema nini. Kichwa yangu yote ilikuwa kule inje ku nguzo, inangojea. Benzangu wakacheka: "Ngoie, nkuba anakuya! Ingia chini!" Nkuba ni radi kwa Kiluba chetu.

Mwalimu wangu aliitwa Placide Mukalay. Ninaandika jina yake yote, muisome muzuri. Alinivuta sikio, akanitosha chini ya benchi. "Mutoto mukubwa hivi anakojoa mu kalasi? Iko gari njo iliua baba yako, si kengele!" Sawa vile sikujua. Akaita mama, akamuambia: kama haijaisha mbele ya mitihani, huyu arudie ku nyumba kutwanga mihogo, kuko batoto bengine banataka nafasi yake.

Mama hakujuaka kusoma hata jina yake. Ku njia aliniambia: "Baba yako aliniachia weye na masufuria. Masufuria haitasoma, Ngoie."

Muntu alitusaidia ni Mwalimu Ilunga, kijana, anafundisha kalasi ya kwanza. Yeye njo alikuwa anapiga reli, na aliniona kupitia dirisha. Alituita, minyi na mama, batoto bote walipokwisha kuenda. "Mama, huyu hana kichwa mugumu. Roho yake inakimbia ku njia ya gari kila siku, inaenda peke yake. Tuende naye."

Siku ya kwanza hakupiga. Alisema niweke kiganja juu ya reli. Chuma ilikuwa moto. "Jua njo inaichoma, sawa sufuria ya mama yako. Iko chuma tu." Kiisha akafunga nyundo na gunia, akagonga polepole, kiganja yangu ingali pale. Sauti ikafia mu mukono wangu, sawa panzi umemubamba. "Unaona? Weye njo unaifunga kinywa." Siku zikapita, akapunguza gunia kidogo kidogo. Nikiogopa, hacheki, ananielezea mbuzi ya baba yake mu Kaniama, ile ilikula kofia ya padri, mupaka nicheke minyi. Na mu saa ya masomo, mbele ya kupiga, alipita pa dirisha letu, anainua mukono, sauti isinikute gafula. Nikaanza kubakia juu ya benchi. Nashika mbao kwa nguvu, lakini niko juu.

Mwisho alinipa nyundo. Nilipiga ya kutoka, minyi mwenyewe! Mama alipiga magoti mbele ya ule kijana. "Wafwako, vidye," akamushukuru kwa Kiluba, sawa vile unashukuru chifu.

Kiisha inspecteur akakuya, muzungu wa kukagua masomo. Mukalay alitaka sifa. "Monsieur l'inspecteur, huyu mutoto alikuwa anaogopa kengele. Minyi nilimuponyesha." Eti minyi! Ilunga iko kule mu kalasi yake, hajui kitu. "Ngoie, enda piga. Piga kabisa!"

Ilikuwa saa ine. Nikasema: "Mwalimu, saa yake haijafika."

"Nani amekuuliza saa?"

Kila muntu wa Kamina alijua reli ya inje ya saa inasema nini, hata yeye. Mbele ya muzungu akasahau.

Nilipiga kabisa. Sikuogopa. Nilikuwa ningali na furaha ndipo nikasikia miguu. Bamama ba kampi yote, moja na unga mupaka ku viwiko, moja na mutoto nusu ya kufungwa ku mugongo, wanapita masomo, wanaelekea njia ya gari. Mbele yao mama yangu, sabuni ku mikono, anaita jina ya baba. Anakimbia kumutafuta bwana tulikwisha kuzika.

Inspecteur akauliza nani amenituma kupiga. Mukalay akasema: "Iko na wazimu huyu. Ametoka bila ruhusa." Na weye Joseph Kalenga, ulikaa benchi ya mbele, ulisikia yote, ukanyamaza, leo uko muzee wa kanisa. Walinifukuza siku ileile. Ilunga alinitetea mupaka sauti ikakauka, wakamutuma mbali mbele ya mvua kuanza.

Woga haukurudia. Njo kitu kinaniuma zaidi: nilipona, na nikatupwa inje nikiwa muzima.

Batoto ba leo bako na saa ku mukono, na banachelewa. Gari nayo inakuya siku inataka. Ile reli ya kampi ingali ku nguzo, imekula kutu. Juzi batoto waliipiga na mawe, asubui, inje ya saa yote. Nilisimama pa mulango, nikangojea. Hakuna mwanamuke hata moja alitoka. Nikaenda peke yangu, sabuni ku mikono, nikaweka kiganja juu ya ile chuma mupaka ikanyamaza.