Maana ya Murphy, Fundi Baiskeli wa Baraka

Jirani yangu hapa mjini Baraka, Placide Murphy, alipata jina lake kwenye kola ya shati. Baba yake alikuwa dobi wa askari wa Umoja wa Mataifa kule Albertville, mwaka 1961, na mmoja wao, mtu wa Ayalandi, aliandika jina ndani ya kola ili nguo zake zisipotee. Mtoto alipozaliwa, mzee akampelekea karani lile shati, akamwambia anakili. Nadhani shati lenyewe halikumrudia mwenyewe.

Miaka na miaka nilimsihi abadilishe. Jina la mtu linakuambia ni wa nani. Hili lilikuwa kama kikohozi tu. Akazidi kujivuna, hasa padri mmoja alipomweleza kwamba katika lugha ya kale ya Ayalandi maana yake ni mpiganaji wa bahari. Na mtu mwenyewe hajui kuogelea!

Mwaka 1999 habari zilifika kutoka Swima: mkewe Marthe, aliyekwenda kwa mama yake, amejifungua. Walikuwa wamengoja mtoto miaka kumi na mmoja. Placide akapanda baiskeli. Njiani akakuta kizuizi cha Mayi-Mayi, wanamgambo wa porini, na siku zile jina lisilo na kabila lilitosha kukuua.

"Murphy ni kabila gani?" komanda akauliza, kitambulisho mkononi.

"Haina kabila, komanda. Iko na maana tu." Kwa woga, neno bahari likampotea. "Mupiganaji wa... wa maji."

Vijana wakatazamana. Maji ndiyo dawa yao ya kuzuia risasi, ndiyo jina lao. "Mayi!" wakapiga kelele. Kumbe ndugu! Wakamnyunyizia dawa palepale, wakampa walinzi wawili na mwiko mmoja: asiguse mwanamke. Akigusa, dawa ya kikosi kizima inakufa.

Huko Swima, Marthe akamnyooshea kichanga. "Kamata mutoto yako, baba."

"Ni mwanaume?"

"Mwanamuke."

Walinzi wakasogea. "Usiguse!"

"Hata mutoto ya siku ine tu?" Placide akawasihi.

"Hata ya siku moja. Mwanamuke ni mwanamuke."

"Miaka kumi na moja," Marthe akasema huku akilia, "na unamuogopa?"

Placide akampokea binti yake, akamkumbatia kifuani. Walinzi wakapiga yowe, wakatimua mbio kwenda kuwaonya wenzao wajifiche, maana sasa risasi zinapenya.

"Banakimbia nini?" Marthe akauliza.

"Nimeua dawa ya batu mia moja," Placide akasema, bila kumwachia mtoto. "Funga bintu ya safari, twende."