Nilibisha hodi kwenye tovuti ya mwalimu, haikuitikia, nikaingia

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Humu huwa nasoma tu na kuondoka. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, mnivumilie. Sijaongeza kitu, na sehemu inayoniaibisha nimeiacha ilivyo.

Nina meza ya kutengeneza simu hapa Tunduma, mpakani na Zambia. Pia najaza watu nyimbo na hadithi kwenye memori kadi. Wateja wa kutoka Mbozi walikuwa wananiuliza hadithi za Kinyiha.

Nilijua zinapatikana sehemu moja tu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ihanda amewarekodi wazee na kuweka sauti zao kwenye tovuti yake. Kumpigia simu mtu nisiyemjua kwangu ni mtihani, kwa hiyo nikaandika crawler, yaani programu ya kupita kwenye tovuti na kupakua zote. Kuprogramu nimejifunza kwa video, kidogo kidogo.

Kwa wasiojua: crawler yenye adabu ikifika huanza kusoma faili moja linaloitwa robots.txt. Humo mwenye tovuti anaandika wapi roboti iingie na wapi isiingie. Mimi naiita hodi.

Yangu ilibisha. Jibu likarudi 503, yaani seva imeshindwa kuhudumia kwa sasa.

Ingerudi 404, maana yake faili halipo, hakuna katazo, unaendelea. Lakini 503 ni mwenye nyumba yupo ndani anaumwa. Hapo unarudi siku nyingine.

Mimi niliona zote ni kimya tu. Nikaandika mstari mmoja: ukikosa jibu, endelea.

Na nimekulia kijijini, wakuu. Kwetu ukibisha hodi mara tatu usiitikiwe, unageuka. Hata mtoto anajua.

Ikapakua asubuhi nzima. Ikikwama inaanza upya, faili zilezile.

Mchana akaja dada Tabu, anayeuza nyanya jirani yangu. Huniita Bubu kwa sababu siongei. Wiki ile alikuwa amemzika mama yake. Alikuja na kaka yake, anayeishi Zambia, ambaye hakuwahi mazishi. Kaka alikuwa na begi mkononi, anarudi siku hiyohiyo.

"Bubu wangu, hebu tufungulie ile sauti ya mama, ile aliyoirekodi mwalimu. Kaka hajawahi kuisikia."

Nikafungua. Ukurasa mweupe: matumizi ya tovuti hii kwa mwezi yamefikia kikomo.

"Mtandao wenu huu!" kaka akasema.

"Uache. Wenu ndio unaovuka mpaka bila pasi unatuvurugia simu," dada Tabu akamjibu. Wakacheka.

Mimi sikucheka. Sauti ya mama yao ilikuwa kwenye kompyuta yangu, pale pale mezani. Lakini wangeniuliza nimeipataje, na ningelazimika kusema ni mimi niliyemaliza kiwango cha tovuti.

Nikasema, "Labda mtandao."

Kaka akavuka mpaka.

Baada ya siku tatu nikampigia mwalimu, nikamwambia yote. Akasema, "Kijana, ile folda ya sauti nimewazuia maroboti kwa sababu seva yangu ni ndogo. Watu nimewaachia wasikilize. Ungenipigia ningekupa zote kwenye flashi."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nikampelekea dada Tabu ile sauti. Alisikiliza kwa earphone, amekaa kwenye ndoo yake, mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Siku ile ulikuwa nayo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kaka yake ana simu ya batani isiyopokea faili wala memori kadi, ukimpigia inakatakata, na haijulikani atarudi lini. Mpaka leo hajaisikia.

Nilichojifunza: crawler yangu sasa ikipata 503 inasimama, na nikikuta folda imezuiwa natafuta namba ya mwenyewe nampigia. Huo mstari wa programu niliurekebisha kwa dakika mbili.

Nyie mnaoandika hizi programu, zenu zikikosa jibu zinafanyaje? Na kama kuna anayejua namna ya kumfikishia mtu sauti Zambia bila simu kubwa, naomba aniandikie hapa.

Dada Tabu bado ni jirani yangu. Siku hizi hasemi tena "Bubu wangu"; ananiita kwa jina langu tu.