Kamba Iliyoshuka Chini ya Meza

Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, mwaka jana, tulimpoteza mtu aliyenifundisha kazi. Jina lake nalihifadhi. Nitamwita Chef, kama tulivyomwita sote katika chumba cha upasuaji, ambacho huku Rusizi tunakiita bloc. Nimestaafu, na vijana wanaoingia katika kazi ile huniuliza zamani ilikuwaje. Naandika nilivyoiona mimi.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Kamembe nimevaa viatu vya sikukuu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani na shule yangu iliishia njiani, lakini hospitali ilitaka wasaidizi. Chef aliviangalia viatu vyangu, kisha akanitupia vya mpira.

"Zuhura, ile ni viatu ya ndoa. Huku hakuna bwana harusi, kuko batu ba kupasuliwa tu."

Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na daktari na kumpa vyombo. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma, bila kugusa kitu chochote cha mezani. Asubuhi hiyo alinionyesha kamba. Kulikuwa na waya wa bistouri, yaani kisu cha umeme kinachokata na kuziba mishipa ya damu kwa joto. Kulikuwa na mpira wa kufyonza damu. Vyote viwili vilitoka vimechemshwa kwa mvuke, bila kijidudu hata kimoja, na vilipaswa kubaki hivyo mpaka mgonjwa ashonwe. Yeye alivilaza juu ya shuka iliyomfunika mgonjwa, akanipa ncha moja ya kila kimoja niichomeke kwenye mashine. Ncha niliyoishika mimi haikurudi tena mezani.

Wengi waliibana kamba kwa pensi, yaani kibanio cha chuma. Chef alikataa. Pensi inatoboa shuka, na waya wa umeme ukizungushwa kwenye chuma unaweza kumuunguza mgonjwa. Yeye alikunja shuka yenyewe ikawa kama mfereji, akalaza waya ndani, akaufunga kwa kipande cha bendeji safi. Aliacha urefu wa kutosha ili mkono wa daktari usivutwe.

"Angalia ukingo ya meza," aliniambia. "Kamba ikishuka pale chini, iko imekufa. Ata ukiipandisha mbio, imekufa. Na muntu mwenye kuona, anasema."

"Ata kama ni docteur ndiye ameiangusha?"

"Docteur iko na macho kwa tumbo ya mugonjwa. Weye uko na macho kwa ukingo. Sema."

Basi nikasema. Daktari mkuu wa wakati ule, mzee mnene mwenye utani, alizoea kuangusha mpira wa kufyonza. Nikisema "imekufa," alijibu, "Poleni kwa musiba," kisha akangoja tulete mwingine. Hakuna aliyekasirika. Kwa vijana nasema hili: bloc nzuri niliijua kwa jambo hilo, kuliko kwa mashine zake.

Niliwahi kupelekwa kwa muda katika hospitali nyingine, kuelekea Bugarama. Kule waya ulianguka, msimamizi akaupangusa kwa dawa na kuurudisha. Niliposema, aliniambia, "Maman, huku hatuna bastaa," yaani watu wa kujiona. Niliomba kurudi, na nilirudi kwa Chef kama mtu anayerudi nyumbani.

Miaka ikapita. Alikuja daktari mkuu mwingine, kijana, mwenye kupenda haraka. Zilikuja pia mashine za kamera, na waya juu ya mgonjwa ukaongezeka. Chef aliupanga wote: wa kamera upande wa kichwa, wa umeme upande wa mkono wa daktari, hakuna unaopita juu ya mwenzake. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Kwanza niliona kwenye kikombe cha chai, halafu nikaona kwenye fundo la bendeji. Nilimwambia tulipokuwa peke yetu, naye akacheka.

"Ni kahawa, Zuhura."

Chef hakuwa anakunywa kahawa.

Waya ukaanza kushuka. Kila mara nilimwambia Chef kwa sauti ya chini, na kila mara aliagiza mwingine. Kisha ikaja siku ya mgonjwa wa ngiri, mkulima kutoka Nzahaha. Tulikuwa na bistouri mbili tu zilizo tayari, na ya kwanza ilikuwa imeharibika. Katikati ya kazi fundo lilifunguka. Kisu kikateleza, kikaning'inia chini ya ukingo. Chef alikivuta upesi, akakirudisha juu ya shuka. Daktari hakuwa ameona. Alinyoosha mkono akitaka kisu, na Chef akakishika tayari kumpa.

Nilijua nikisema, safari hii daktari atasikia, na Chef ataondolewa. Yeye pia alijua. Niliyaona macho yake juu ya barakoa, na sijayasahau.

"Chef, imekufa," nikasema.

Daktari akasimamisha mkono. "Nani amesema?"

"Amesema kweli," Chef alijibu. Akakiweka kando. "Leteni nyuzi. Tutafunga mishipa na mukono."

Ilichukua muda mrefu, na daktari alilalamika mpaka mwisho. Mgonjwa alirudi kwake akitembea. Mimi niliitwa ofisini.

"Ni mara ya kwanza?" daktari aliniuliza.

"Hapana, docteur."

Wiki ile Chef alihamishiwa chumba cha kuchemshia vyombo, nyuma ya kidirisha kidogo. Kule kutetemeka hakukudhuru kitu. Alikunja waya kwa duara pana kama sahani, kwa sababu duara dogo huvunja shaba iliyo ndani. Alikuwa akinipitishia mabunda kidirishani, yamefungwa vizuri kuliko ya mtu yeyote. Nilisema "Bonjour, Chef." Alijibu "Bonjour." Mpaka alipostaafu, hatukuzungumza zaidi ya hapo. Sijui kama ilikuwa hasira au aibu. Nilimwendea nyumbani mara moja baadaye, nikaambiwa amelala.

Sijuti kwamba nilisema. Najuta kwamba ilibidi kusemwa, na kwamba aliyesema nilikuwa mimi, na kwamba hapakuwa na mtu aliyemtafutia mlango wa heshima wa kutokea kabla ya siku ile. Kazi yetu ilijua kulinda waya. Haikujua kumtunza aliyeushika.

Kilio kilikuwa kwake Nyakabuye. Nilikaa na majirani. Mjane alisikia kwamba nimetoka hospitali, akaniita karibu.

"Weye ulitumika na yeye bloc?"

"Ndiyo, maman."

"Alituambiaka mpaka ile siku alichukua pension, alikuwa anashikia docteur kamba. Batoto hawa bamekua banajua vile." Binti zake wawili walikuwa wananitazama. "Basi batolee habari. Siku yake ya mwisho kule bloc ilikuwa je?"

Sikutaka kudanganya msibani, wala sikutaka kumzika mara ya pili.

"Nilikuwepo," nikasema. "Kisu cha umeme kilishuka chini ya meza. Daktari hakuona. Hatukuwa na kingine. Papa yenu alikuwa nacho mkononi, na angeweza kumpa. Alikiweka kando, akasema tufunge mishipa kwa mkono. Mgonjwa alipona."

Mjane alitikisa kichwa polepole. "Ni yeye uyo," akasema.

Binti mkubwa aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na kisha?"

"Kisha," nikamwambia, "kila kamba niliyotumia ilipita kwanza mikononi mwake, mpaka akastaafu."

Nadhani alielewa kwamba baba yake hakumalizia kazi bloc. Alisogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi kati yake na mama yake, nikakaa.